Kalamu ya mpingo ikigoma, usiitupe: fundi wa Chikongola, Mtwara

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozitaja huko chini, na pia ili fundi mwenyewe akisoma hapa asipate kisingizio cha kupandisha bei.

Nina duka la vifaa vya ofisi hapa Mtwara mjini. Nauza karatasi, mafaili, wino wa mihuri, na kwenye kabati la kioo naweka kalamu za mti: nyingi za mpingo, chache za mninga na mkongo, na mara mojamoja za mkorosho kwa wanaotaka zawadi inayojulikana imetoka wapi kabla haijaulizwa. Sikerezi mwenyewe. Nanunua kwa wakerezaji mbalimbali, nauza, na kalamu ikileta kasoro mteja hahangaiki kumtafuta aliyeitengeneza. Anakuja kwangu, anaiweka juu ya kaunta, ananitazama. Kwa hiyo matengenezo ya kalamu nimeyaingiza kwenye hesabu zangu pamoja na kodi ya fremu na umeme, na huyu ninayemwandika ndiye ninayempelekea kazi zote za namna hiyo.

Wateja wengi hawajui jambo hili, na nimekutana na wauzaji wasiolijua pia: kalamu nyingi za mti zinazoitwa mbovu hazina ubaya wa mti wala wa chuma. Zimekosewa kufungwa tu. Mtu amekata kipande, amekitoboa katikati, amepachika bomba la shaba kwa gundi, amekereza, amepiga msasa hadi mti ukang'aa, halafu kwenye zile dakika za mwisho za kugandamiza vyuma akafanya haraka. Vyuma vya kalamu hizi nyembamba havishikwi na skrubu kwenye mti. Vinasukumwa kwa nguvu ndani ya bomba la shaba na kubaki humo kwa kubanwa. Kikishaingia vibaya hakitoki kwa kidole. Hapo ndipo mwenye kalamu anapochukua koleo ya nyumbani, na kalamu ikishaletwa kwangu na meno ya koleo huwa sina la kumwambia mtu zaidi ya pole.

Karakana iko Chikongola, uani kwa fundi, banda la mabati lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba. Hakuna kibao. Ukifika mtaani ulizia fundi wa kalamu, watoto watakupeleka. Ukiulizia seremala utapelekwa kwa mwingine kabisa, na huyo atakuuzia mlango. Ndani kuna mashine ndogo ya kukereza, jiriwa moja kubwa iliyobanduka rangi, na ubao ukutani wenye vijiti vya chuma vilivyopangwa kwa unene, kuanzia kinachopenya tundu la pua ya kalamu, kile chuma cha mbele ncha inapotokea, hadi kinachojaza bomba zima. Vichache vilikuja kama seti ya kununua. Vingine ni mashina ya biti za drili zilizokatika, amevisugua kichwa vikawa bapa ili visichimbe chuma cha kalamu. Ukiona fundi wa kalamu hana vijiti hivyo, ana koleo na nyundo tu, mshukuru urudi nyumbani.

Kazi iliyonifanya niandike haya ni kalamu ya mwalimu mmoja mstaafu. Kamati ya wazazi iliinunua dukani kwangu, tukaichongesha jina lake na mwaka aliostaafu ubavuni mwa mti. Ilikuwa kalamu nzuri, mpingo wenye ule mstari wa rangi ya maziwa unaotokea pale kiini cheusi kinapokutana na sehemu ya nje ya gogo. Baada ya muda mwalimu akaja dukani na kalamu na shati. Shati jeupe, mfuko wa kifuani una doa la bluu. Ncha ya wino ilikuwa haiingii yote ndani hata ukizungusha kalamu hadi mwisho. Milimita moja na kidogo ilibaki nje, na milimita moja inatosha kumaliza shati. Kumpa kalamu nyingine isingewezekana kwa sababu jina limeshachongwa. Na ule mti mwenyewe alikuwa ameshaupenda. Alikataa hata kuniachia mpaka nimwambie nani ataushika.

"Shikamoo mzee," nilimwambia fundi.

"Marahaba mwanangu. Leo umeleta mgonjwa gani?"

Nikamweleza habari ya shati. Hakucheka. Aliipeleka kalamu dirishani, akaizungusha kufungua, akaizungusha kufunga, akapitisha ukucha kwenye pua. "Kizungushio kimepitiliza," akasema. "Aliyefunga hakuweka mrija akapima. Alifuata jicho."

Kizungushio ni kile kichuma cha katikati ambacho ukizungusha sehemu ya juu ya kalamu kinausukuma mrija wa wino utoke au kinaurudisha. Kina upande wa shaba unaozama kwenye mti wa chini, na kwenye shaba hiyo kuna kijifereji chembamba kilichozunguka. Mafundi wanakitumia kama alama ya kupunguza kasi: ukifika hapo unasimama, unafunga mrija, unaangalia ncha, ndipo unaongeza kidogo kidogo. Anayekipita bila kupima anapata kalamu ya mwalimu wangu.

Alichofanya nilikitazama mwanzo hadi mwisho, maana sikutaka kurudi kwa mwalimu na habari mbaya. Kwanza aliitenganisha kalamu katikati, sehemu ya juu na ya chini, akiishika kwa vipande viwili vya tyubu ya baiskeli ili asiteleze wala asiache alama. Akaufungua mrija, huu wa kalamu nyembamba ni wa aina inayoitwa Cross, una uzi kama wa skrubu shingoni na unafungwa kwa kuzungusha, hauvutwi. Halafu akachukua kibao cha mti kilichotobolewa tundu, mdomo wa tundu umebandikwa ngozi. Akasimamisha kipande cha chini kichwa chini miguu juu, kizungushio kikaning'inia ndani ya tundu huku ukingo wa kalamu umelala kwenye ngozi. Akapitisha kijiti chembamba kwenye tundu la pua, lile lile ambalo ncha ya wino hutokea, mpaka kikagota. Nyundo yake ni ndogo ya shaba. Aligonga taratibu, pigo moja, anasubiri, jingine, anasubiri, na kila mara anazungusha kipande kidogo ili kisitoke upande. Kizungushio kikadondoka kwenye kiganja cha kijana wake aliyekuwa ameweka mkono chini ya kibao.

Nilimuuliza kwa nini asingekirudisha nyuma ile milimita moja tu akaacha. Akasema chuma kilichotoka nusu kinakaa pogo, na ndani huenda kuna gundi iliyoganda ndiyo iliyomlazimisha yule mtu kutumia nguvu. Kweli, alipochungulia kulikuwa na ukoko wa supa gluu kwenye ukuta wa bomba. Aliukwangua kwa kisu chembamba, akapuliza, akakigeuza kizungushio mkononi kuona kama hakijapinda. Kukirudisha alitumia jiriwa, meno yake yamevikwa vipande vya mninga. Robo mzunguko, anatoa, anafunga mrija, anatazama ncha. Robo nyingine. Alipofikia pale anapotaka, ncha ilikuwa ikitoka vizuri na ikirudi ndani yote, akanipa niandike jina langu nyuma ya boksi la misumari. Jina la mwalimu ubavuni halikuguswa hata vumbi.

Kasoro ya kinyume chake, ncha isiyotoka vya kutosha mpaka unaandika kalamu imelala, hiyo anaimaliza ukiwa umesimama mlangoni. Kizungushio hakijasukumwa vya kutosha, anakisukuma. Hapo mara nyingi hanitozi, na mimi mteja simtozi.

Sasa habari ya boksi. Kuna mkerezaji mmoja wa mkoa mwingine, simtaji, aliniletea boksi zima la kalamu za mpingo kwa bei nzuri. Mti ulikuwa safi kabisa. Lakini karibu nusu yake, ukishika, kidole kinagundua ngazi pale mti unapokutana na pua: mti mnene, chuma chembamba. Na kule katikati kwenye pete ni kinyume, pete imetokeza na mti umedidimia. Kipande cha chini kimegeuzwa. Upande wa kukaa pua umekaa kwenye pete na wa pete umekaa kwenye pua. Nyingine zilikuwa na kosa ambalo mteja hawezi kulisema lakini anarudisha kalamu kabatini bila kujua kwa nini: ule mstari wa maziwa unashuka vizuri kutoka kwenye klipu, ukifika kwenye pete unakatika, na chini ya pete kuna weusi mtupu. Juu ni gogo hili, chini ni gogo lile. Walifungwa wageni wawili.

Fundi alizifungua zote. Kizungushio kikishatoka, anapitisha kijiti kinene zaidi kutokea juu na kuisukuma pua itoke kwa mbele. Kule juu anasukuma kofia kutokea ndani, nayo inatoka pamoja na klipu. Akatandika kanga kuukuu mezani, vyuma akaviweka upande mmoja ndani ya kifuniko cha ndoo, mti akaupanga upande mwingine, vipande vya juu mstari mmoja na vya chini mstari wa pili. Kisha yeye na kijana wake wakaanza kuoanisha. Hicho kipande kilikuwa cha kile pale, hiki mwenzake yule mwisho. Mstari mmoja wa njano ulikuwa na kifundo kidogo kilichokatwa nusu na msumeno, nusu iko kwenye kipande cha juu na nusu ilikuwa imefungwa kwenye kalamu nyingine kabisa. Walipoviweka pamoja kifundo kikatimia. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri, duka nimemwachia binti yangu.

Vilibaki vipande vichache visivyo na mwenza. Hivyo alivifunga vile vyeusi vitupu pamoja, ambako mstari haumo wa kuusaliti.

Kwenye klipu ana maringo ambayo mimi nimeyakubali. Kalamu ikiwa na mstari mzuri, klipu anaifunga upande wa pili ili mstari uonekane ikiwa mfukoni. Ikiwa na jina lililochongwa, klipu inakaa pembeni ya jina, haikai juu yake. Wakerezaji wengi hawafikirii hili. Wanagandamiza kofia klipu ikiwa imeelekea popote. Kuna mteja aliniletea kalamu ambayo klipu imelalia herufi ya kwanza ya jina lake, akawa anaitwa kitu kingine. Kuitoa kofia na kuigeuza klipu ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kijiti sahihi.

Nyufa ni habari ndefu zaidi, na hapa ndipo nimejifunza kumheshimu mzee huyu. Mpingo ni mgumu na mzito, ukitupa kipande cha kiini kwenye ndoo ya maji kinazama. Ugumu huo ndio uliowafanya watengeneza ala za kupuliza kama klarineti na obo wa Ulaya waufuate huku kwetu. Lakini mti mgumu hausamehe. Bomba la shaba likiwa halijajaa gundi vizuri, au ncha ya kipande haikusawazishwa ikawa mti umepita shaba kwa unene wa karatasi, ukigandamiza chuma mti ndio unaopokea nguvu badala ya shaba. Unapasuka. Fundi anausoma ufa kabla hajaugusa. Ufa ulioanzia kwenye ukingo, penye pua au pete, anasema ni wa kufungwa vibaya. Ulioanzia katikati ya kipande anasema ni wa mti kukatwa haujakauka, au ulichomwa na biti wakati wa kutoboa. Mpingo ukitobolewa kwa pupa unapata moto, na ufa wake unaweza kuja baadaye kalamu ikiwa imeshauzwa. Wa kwanza anautibu. Wa pili anakuuliza kwanza kama kweli unautaka huo mti.

Tiba yenyewe kwa ufa mwembamba: anatoa chuma kinachousukuma, anapitisha tone la supa gluu ile nyepesi inayokimbia, anapaka vumbi la mpingo juu yake, anasubiri, anaongeza tone. Vumbi analiweka kwenye kopo la filamu la zamani, vumbi la mpingo peke yake, la mninga lina kopo lake. Ikishakauka anarudisha kipande kwenye mashine, anapiga msasa laini, na mwishowe nta. Nimemwekea mteja kalamu mbili mezani, moja iliyotibiwa na moja mpya, akachagua iliyotibiwa. Lakini tusidanganyane: kwenye ile sehemu ya rangi ya maziwa ufa uliozibwa unaonekana, vumbi jeusi huwezi kuligeuza jeupe. Na anapokwangua na kupiga msasa usisimame karibu. Vumbi la mpingo linawasha pua na macho. Yeye na kijana wake wanavaa barakoa, wageni hawapewi.

Kuna kasoro nyingine inayotokea kwa mpingo zaidi kuliko miti mingine ninayouza. Unazungusha kalamu, mti unazunguka, chuma kimesimama. Gundi haikushika bomba. Mpingo una mafuta yake ya asili, na asiyelifuta tundu kwa asetoni, ile ile wanayofutia rangi za kucha, gundi inabaki juu juu. Hapo fundi anatoa chuma cha upande mmoja, anasimamisha kipande wima, anadondosha supa gluu nyepesi pembezoni mwa shaba na kuiacha izame yenyewe. Mara nyingi inatosha. Isipotosha analipasha bomba moto kutokea ndani hadi gundi ya zamani ilegee, analitoa lote, anasafisha, anaanza upya; na kabla ya hapo anakwambia wazi kwamba moto huo huo unaweza kuupasua mti. Uamue wewe.

Anajua pia kukataa. Nilimpelekea kalamu ya karani mmoja wa chama cha msingi, mti umekerezwa mpaka umekuwa mwembamba kuliko vyuma, pete na pua zimesimama nje kama ngazi mbili. Mti uliozidi unaweza kurudishwa kwenye mashine ukapunguzwa. Uliopungua hauongezwi, labda kwa kupaka tabaka nyingi za gundi juu yake mpaka ufikie chuma, na hapo karani atakuwa anashika gundi badala ya mpingo. "Hii mwambie nimkerezee mti mpya, vyuma vyake nitavitumia," alisema. Karani hakukubali kulipa na kalamu ipo kabatini kwangu hadi leo. Fundi angeweza kuchukua pesa na kupaka hizo gundi. Hakufanya.

Sasa nyota niliyoizuia. Kijana wake wa kazi ni mwepesi wa mkono na ana adabu, anakupa kiti kabla hujasema lolote, lakini mzee akiwa hayupo anapenda supa gluu kupita kiasi. Kofia ikicheza kidogo, tone. Sehemu ya juu ikiwa inalegea kwenye kizungushio, tone. Sehemu ya juu haitakiwi kuwekwa gundi hata siku moja, maana ndipo unapoifungulia kubadili mrija! Nilirudishiwa kalamu ya mkongo ambayo mteja hawezi kubadili wino. Mzee aliitoa kwa asetoni na uvumilivu, ila ule mng'ao wa nje uliharibika, ikabidi ipigwe nta upya. Ulegevu ule dawa yake mzee aliionyesha mbele yetu wote: alibonyeza ukingo wa bomba la shaba kwa ndani kiasi ambacho jicho halioni, sehemu ikabana. Kwa hiyo ushauri wangu, mkabidhi mzee mwenyewe mkononi.

Pili, hakuna risiti wala daftari. Kazi zinapokelewa kwa kichwa. Mimi sasa naweka kila kalamu kwenye bahasha yake, naandika juu jina na kasoro, na namwachia hivyo. Asiyefanya hivyo asishangae akipewa kalamu ya mtu.

Tatu ni msimu. Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi na pesa zikaingia mitaani, kila mtu anataka dirisha, kitanda, fremu ya mlango, na mzee naye ni seremala kabla hajawa fundi wa kalamu. Kalamu zinasogezwa pembeni. Bahati mbaya ndio msimu ambao mimi nauza zaidi, kuna mahafali, kuna zawadi za kufunga mwaka. Simu hapokei akiwa kwenye mashine, na umeme ukikatika anafanya kufungua na kufunga tu, kukereza kunasubiri. Hilo la umeme simlaumu.

Bei ni ya haki. Kufungua na kufunga upya ananitoza shilingi elfu tatu kwa kalamu, kizungushio kipya kikihitajika naongeza elfu tano kwa sababu vyuma hivi vinaagizwa na kupitia Dar. Ufa anaupangia bei akishauona. Ukilinganisha na kalamu mpya ya elfu thelathini, hesabu haina ubishi. Mimi naongeza kitu kingine kwenye hesabu hiyo. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Jirani zetu wa Kilwa, mkoani Lindi, misitu yao ya vijiji ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, ya kwanza kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii barani Afrika, na kazi ya kuutunza mti ule wanaifanya watu wenye majina na mashamba. Kutupa kalamu kwa sababu ya milimita moja ya chuma kilichokosewa sioni raha yake.

Kwa wanaonunua, popote pale, na kwangu mkiwemo: kabla hujatoa pesa izungushe kalamu mpaka mwisho, ncha itoke, iguse karatasi. Izungushe kufunga, kisha pitisha kidole kwenye pua. Usiguswe na kitu. Pitisha ukucha kwenye kila kiungo cha mti na chuma. Itazame klipu kwa mbele kama imesimama wima. Fuata mstari wa mti kutoka juu hadi chini uone kama unapita chini ya pete na kuendelea. Shika chuma cha pua, jaribu kuuzungusha mti, ukizunguka, iache. Muuzaji akikununia kwa hayo, iache pia.

Fundi yupo kuanzia saa mbili asubuhi. Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya swala na harudi mpaka jioni, Jumapili anakereza vitu vyake mwenyewe na hapokei kazi. Bodaboda usiiache ikusubiri, atakukalisha.